Mama anayekopesha kwa faida: Biblia inamkataza nini hasa?

Swali: "Mimi ni mjane, nakaa Majengo, hapa Goma, na watoto watano. Marehemu mume wangu aliacha pesa kidogo ambayo hatukuiweka benki, na ndiyo iliyotuokoa. Tangu benki zifunge milango mwisho wa Januari 2025, majirani wanakuja kukopa kwangu. Natoa dola 100, mtu analeta 120 mwezi ukiisha. Asipoleta, ile 120 ndiyo inaanza kuhesabiwa upya. Nashika rehani: simu, kadi ya uchaguzi, na sasa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) ya papa mmoja, yaani baba mmoja wa jirani. Mchungaji wetu alihubiri kwamba mwenye kula riba hataingia mbinguni, na watu wakageuka kunitazama. Lakini zaka yangu wanaipokea. Mimi nasoma Mathayo 25, bwana anamkaripia mtumwa kwa sababu hakuweka fedha mahali pa kupata faida. Nifuate nini? Nikiacha, watoto watakula nini? Na zaka hii, Mungu anaipokea?"

Jibu:

Mama, Bwana asifiwe. Pole kwa macho ya watu kanisani. Umeuliza mambo matatu, lakini ndani ya barua yako mna la nne ambalo hukuliuliza, nalo ni hizo rehani. Huko ndiko nitakakokawia, kwa sababu kwa maoni yangu chukudu iliyosimama uani mwako ni shida kubwa kuliko asilimia unayoandika kwenye daftari.

Tuanze na mchungaji. Maandiko hakuyatunga. Zaburi ya 15 inauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na katika majibu yake yumo mtu asiyetoa fedha yake apate riba. Ezekieli 18 inaweka riba kwenye orodha moja na unyang'anyi na kuabudu sanamu. Ila mahubiri yaliishia nusu ya njia. Fungua sheria zenyewe uone zinamtaja nani. Kutoka 22:25 inamtaja maskini aliye kati yenu. Walawi 25:35-37 inamtaja ndugu aliyefilisika hata mkono wake umelegea, na inaongeza kwamba usimpe chakula chako kwa kutaka faida. Kumbukumbu 23:19 peke yake ndiyo inayosema kwa jumla, fedha au vyakula au kitu chochote. Tukumbuke pia nani alikuwa anakopa katika vijiji vya Israeli. Mkulima hakukopa ili afungue duka. Alikopa kwa sababu mvua imekataa, ghala ni tupu, na mbegu ya mwaka ujao imeliwa. Mkopo ulikuwa jina lingine la njaa. Hiyo ndiyo faida Mungu anayoikataza: ile inayotoka kwenye njaa ya mtu.

Kwa hiyo Biblia, mbele ya mtu aliyebisha hodi, haianzi kwa kuuliza ni asilimia ngapi. Inaanza kwa kuuliza amekuja kwa nini.

Hata hivyo asilimia tuzitazame, maana zinatisha zikiandikwa wazi. Sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, za karne ya 18 kabla ya Kristo, ziliruhusu faida ya asilimia 20 kwa fedha na karibu theluthi moja kwa nafaka. Ndiyo ilikuwa hali ya kawaida katika ulimwengu ule, na ndipo sheria ya Musa ikaja kusema: kwa ndugu yako maskini, hata hiyo usichukue. Lakini asilimia 20 ya Babeli, mama, ilikuwa ya mwaka mzima. Yako ni ya mwezi. Na kwa kuwa asiyeleta unamhesabia upya juu ya ile 120, dola 100 zinakuwa 207 baada ya miezi minne tu. Baada ya miezi sita ni 299. Mwaka ukiisha ni karibu 892. Sidhani kuna jirani yako wa Majengo anayejua kwamba amesaini kitu cha namna hiyo. Sidhani hata wewe ulikuwa umekaa ukapiga hesabu mpaka mwisho.

Kuhusu Mathayo 25, aya hiyo inapendwa sana na wanaokopesha, na naelewa kwa nini. Lakini mfano ni mfano. Yesu amewahi kujilinganisha na mwizi anayekuja usiku, na hakuna anayesema kwa hiyo wizi umehalalishwa. Mtumwa yule alikuwa amesema bwana wake ni mtu mgumu, anayevuna asipopanda. Naye bwana anamjibu kwa maneno yake mwenyewe: kama ulijua niko hivyo, basi kwa nini hata hukufanya lile jepesi? Hadithi inahusu uvivu na woga mbele ya kazi ya Mungu. Ukitaka kusikia Yesu anasema nini kuhusu mikopo yenyewe, hayuko pale, yuko Luka 6:34-35: mkimkopesha yule mnayemtumaini kurudisha, mna sifa gani? Wenye dhambi nao hufanya hivyo.

Wapo pia watakaokuambia Kumbukumbu 23:20 inaruhusu riba kwa mgeni, kwa hiyo wakimbizi wa vita waliotoka Masisi au Rutshuru, au watu wa kanisa lingine, ni halali yako. Usikubali. Mgeni wa aya ile wafafanuzi wengi wanamwona kuwa mfanyabiashara wa nchi nyingine anayepita na bidhaa zake. Mtu wa kutoka mbali aliyekuja kuishi kati yenu Walawi 25:35 inamtaja waziwazi: naye asaidiwe, aishi pamoja nawe. Mama aliyefika Goma na godoro kichwani ndiye huyo.

Je, basi kila faida ni dhambi? Kanisa limebishana juu ya hili karne nyingi, nami nitakupitisha haraka. Mtaguso wa Nikea (mkutano mkuu wa maaskofu), mwaka 325, ule ule uliotupa msingi wa Imani tunayoikiri, uliamua katika kanuni yake ya 17 kwamba padri au shemasi anayekula riba ya moja kwa mia kila mwezi aondolewe kazini. Moja kwa mia! Mwaka 1462, mjini Perugia huko Italia, Wafransiskani walianzisha mfuko wa kukopesha maskini, na baadaye mifuko ya namna hiyo ikaruhusiwa kuchukua kiasi kidogo cha kulipa gharama za kazi tu. Mwaka 1545 Yohane Kalvini, mwalimu wa Waprotestanti, alimwandikia rafiki yake barua akisema si kila faida ya fedha imekatazwa, ila usimtoze maskini, na usipate wewe zaidi ya anachopata aliyekopa. Mkatoliki na Mprotestanti, kwa njia tofauti, wamefika karibu na mlango mmoja: gharama yako halali unaweza kurudishiwa, na katika biashara unaweza kugawana faida, lakini mtu mwenye shida usimfanye shamba lako.

Sasa tuingie nyumbani kwako. Nakuomba ununue daftari la pili.

Katika daftari la kwanza waandike waliokuja kwa sababu ya ugonjwa, matanga, chakula, minervali (ada ya shule) ya watoto, kodi ya nyumba inayodaiwa kesho. Hao wakope, warudishe kile kile walichochukua. Dola 100 zinarudi 100. Kama ulilazimika kutoa pesa kwenye simu na wakala akakata chake, mwonyeshe ujumbe wa simu na akurudishie hicho alichokata wakala, hiyo ni gharama na haina ubaya. Usiongeze hapo kitu. Na mwisho wa mwezi akiwa hana, muda usogezwe, deni libaki pale pale lilipo.

Utasema: basi si afadhali nifunge mlango kabisa? Hapana. Hapo Biblia ni kali kuliko mchungaji wako. Kumbukumbu 15:7-10 inakataza kufumba mkono mbele ya ndugu maskini, na inamwonya hasa mtu anayepiga hesabu moyoni kwamba mwaka wa kusamehe madeni umekaribia, basi bora asikopeshe. Kukopesha ni amri. Wewe una pesa mkononi katika mji ambao benki zake zilifungwa. Umekuwa, bila kupenda, mlango ambao watu wa avenyu yako wanaukimbilia usiku mtoto akishikwa na homa. Tena hili daftari la kwanza lisiwe kubwa kuliko uwezo wako. Weka kiasi, labda robo ya mtaji wako, na kikiisha sema kwa ukweli kimeisha. Mjane mwenye watoto watano hakuamriwa kujimaliza.

Daftari la pili ni la wanaotaka mtaji. Hapa ndipo watoto wako watakapokula, na hapa sioni aibu yoyote. Chukua mfano wa mama anayenunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, pale soko la Kituku. Anakuja kwako na hesabu: mtaji dola 100, mauzo, usafiri, ushuru wa soko. Mnakubaliana kwamba faida ikipatikana mnagawana nusu kwa nusu. Amepata 18, wewe unachukua 9 na mtaji wako. Samaki wameoza, amepoteza 10, basi unabeba 5 na yeye 5. Ukitazama vizuri, sambaza haingoji mwezi; mtaji unaweza kuzunguka mara kadhaa kabla tarehe haijafika, kwa hiyo huenda usipate kidogo kuliko unavyopata leo. Tofauti ni kwamba unapata kwa sababu yeye amepata. Na utaanza kujali barabara iko vipi, ziwa liko vipi, nani anauza kwa bei gani, kwa sababu hasara yake imekuwa hasara yako.

Kina mama wengi wa Goma na Bukavu tayari wanafanya jambo la jamaa hii katika AVEC, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Wanaokopa pale wanalipa faida, wengine wanaogopa kwamba nayo ni riba. Mimi siioni hivyo: faida inaingia sanduku la wote, na mzunguko ukiisha inagawanywa kwa wanachama, aliyekopa akiwemo. Pembeni kuna mfuko wa shida, na huo kwa kawaida unasaidia bila faida. Unaona? Ni madaftari mawili yale yale. Kama una nafasi, ingia katika kundi moja na sehemu ya mtaji wako. Utapunguza hatari ya kukaa na pesa nyumbani, jambo ambalo kwa hali ya mji wetu linanitia hofu kuliko riba yenyewe. Na tafadhali, usimweleze kila mtu kiasi ulicho nacho.

Naja kwenye rehani.

Kumbukumbu 24:6 inakataza kushika jiwe la kusagia kuwa rehani, hata lile la juu peke yake, kwa sababu kufanya hivyo ni kutwaa maisha ya mtu kuwa rehani. Bila jiwe hakuna unga, bila unga hakuna chakula cha jioni. Chukudu ya yule papa ndiyo jiwe lake la kusagia. Anabebea viazi, unga, makala (makaa), mbao, chochote cha watu, na jioni anarudi na franka za kununua unga wa bugali. Ukiishika, umemwondolea njia ya pekee ya kukulipa, halafu kila mwezi unamwongezea deni kwa kutolipa. Hata kama hujali Biblia, hiyo ni hesabu mbaya. Cherehani ya fundi iko hivyo hivyo. Simu nayo, kwa mtu ambaye pesa zake zote zinapita kwenye Airtel Money au M-Pesa, imekuwa jiwe la kusagia. Kadi ya uchaguzi ni mbaya zaidi, maana kwetu ndiyo kitambulisho: umemwacha mtu atembee katika mji huu, apite kwenye vizuizi, bila karatasi inayosema yeye ni nani. Na kwako wewe kadi hiyo haina thamani hata ya franka moja, huwezi kuiuza. Kazi yake ni kumtesa tu mpaka alipe.

Sheria ile inaendelea, Kumbukumbu 24:10-13, kwa upole ambao mimi hunishangaza kila nikiisoma. Ukienda kuchukua rehani usiingie ndani ya nyumba ya mwenzako. Simama nje, yeye mwenyewe ndiye atakayekuletea. Anayedaiwa bado ana mlango, na ndani ya mlango huo bado ni baba au mama mbele ya watoto wake. Wewe sijui unachukuaje, hukuandika. Lakini sote tumeona wadai wanaoingia na vijana wawili, wanabeba godoro watoto wakitazama. Na kama rehani ni vazi la maskini analojifunika, lirudi kwake kabla jua halijatua. Aya ya 17 inasema vazi la mjane lisichukuliwe kabisa. Wewe ni mjane, unajua kwa nini.

Rehani inayokubalika ni kitu ambacho mtu anaweza kuishi bila hicho: redio, kitenge cha sherehe kilicho sandukuni, viti vya plastiki vya ziada. Mimi napendelea mdhamini kuliko kitu. Karatasi moja yenye kiasi, tarehe, majina ya mashahidi wawili, mmoja wao mtu anayemheshimu. Aibu ya kumwangusha mdhamini mara nyingi inalipa madeni ambayo godoro halikulipa.

Na waliokwisha kukopa? Soma Nehemia sura ya 5 yote, ukae chini, haina haraka. Yerusalemu iko katika hatari, watu wanajenga ukuta silaha ziko karibu, na katikati ya shida hiyo kelele inapanda, wake kwa waume: tumeweka rehani mashamba na nyumba ili tupate nafaka, tumekopa tulipe kodi ya mfalme, na sasa binti zetu wanafanywa watumwa. Wakopeshaji hawakuwa maadui wa nje, walikuwa ndugu. Nehemia anakasirika, lakini anafanya jambo ambalo wahubiri wetu hulisahau: anasema mimi pia, na ndugu zangu na watumishi wangu, tumewakopesha fedha na nafaka, tuiache riba hii. Alikwisha kuwakemea wakuu, lakini alijihesabu mwenyewe kati ya wakopeshaji kabla ya kuwadai warudishe. Kisha akataka virudishwe leo hii, si mwezi ujao: mashamba, mizabibu, nyumba, na ile sehemu ya mia ya fedha na nafaka. Wengi wanaifahamu kuwa moja kwa mia kwa mwezi. Wewe uko kwenye ishirini.

Kwa hiyo fungua daftari lako la sasa. Aliyekopa kwa shida na amekwisha kulipa jumla ya alichochukua, hata kama ulikuwa unakiita faida, amemaliza. Futa jina lake mbele yake, mpe rehani yake. Ambaye bado, toa alichokwisha kulipa katika deni la mwanzo, abaki na salio tu. Aliyelipa kupita kiasi, ukiweza umrudishie kidogo kidogo. Zakayo katika Luka 19 aliahidi mara nne, lakini aliahidi mwenyewe, Yesu hakumdai hesabu hiyo, nami sitakudai. Kadi za uchaguzi zirudi zote wiki hii, pamoja na za wale wasiolipa.

Utapata hasara, na wengine watatumia nafasi. Kuna mtu ana nyumba mbili na bado anakuambia "Mama, Mungu atakubariki" badala ya kulipa. Huyo Biblia haikumpa msamaha wowote: Zaburi 37:21 inamwita mwovu anayekopa asilipe. Mwite mbele ya mdhamini, mbele ya wazee wa kanisa kama ni Mkristo, mbele ya shefu wa avenyu ikibidi. Kudai mtaji wako kutoka kwa mwenye nacho ni haki yako, na usiruhusu mtu akuzibe mdomo kwa aya.

Imebaki zaka. Kanisa lililokuhubiri mimbarani na kupokea bahasha yako mlangoni lina swali lake la kujibu, na ningependa mchungaji alijibu, maana ni rahisi kuhubiri juu ya riba ukiwa unaishi kwa sadaka. Amosi 2:8 inazungumza juu ya watu wanaolala kando ya kila madhabahu juu ya nguo walizoshika rehani. Ibada iliendelea, na nguo za maskini zikiwa ndizo mikeka. Kwa upande wako, usitoe zaka ya faida ya daftari la kwanza, kwa sababu daftari hilo halitakuwa na faida tena. Toa kwenye ile 9 ya sambaza, kwa moyo mweupe. Na ile faida ya zamani uliyo nayo bado nyumbani, usiipeleke kanisani ili itakaswe. Irudishe kwa wenyewe, ukianza na papa wa chukudu, ambaye kila siku anayokaa bila kazi ni siku ambayo nyumbani kwake hawajui watapika nini.